Vitunguu vya Misri

Katika masimulizi ya kale ambayo Waislamu, Wakristo na Mayahudi wanayashiriki, hakuna, kwa maoni yangu, kisa kinachomchoma msafiri mahali pa siri kuliko kile cha Wana wa Israili jangwani, ambao, baada ya kuokolewa mikononi mwa Firauni, na baada ya kuteremshiwa mana na salwa pasipo kulima wala kuvuna, walimwendea Nabii Musa wakamwambia kwamba hawawezi kuvumilia chakula cha namna moja, wakamtaka awaombee kwa Mola wao mazao ya ardhi: mboga na matango, thomu na adesi na vitunguu. Habari hii imo katika Kurani, sura ya pili, aya ya 61. Imo pia katika Taurati, katika kitabu cha Hesabu, ambamo samaki na matikiti yameongezwa katika orodha ya walivyovitamani, na ambamo inasimuliwa kwamba watu wale walilia, kila mmoja mlangoni pa hema yake. Kwa mujibu wa Kurani, Musa aliwauliza kwa ukali kama wanataka kweli kukibadili kilicho bora kwa kilicho duni; na tangu hapo mashehe na wahubiri wamekifanya kisa hiki kuwa mizani ya kupimia kufuru ya neema.

Nilikisikia kikifasiriwa msikitini mjini Dodoma, alasiri moja ya mwezi wa Ramadhani, nami nimeegemea nguzo nikajiona kama mtu aliyetajwa jina lake mbele ya kadhi. Maana tangu daku ya siku ile nilikuwa sina fikira ila moja, nayo ni wali wa nazi. Mimi ni mtu wa Pangani, mji uliokaa mdomoni mwa mto, mahali ambapo mnazi hauonwi kuwa mali kwa sababu ya wingi wake. Na kazi ilikuwa imenipeleka nchi ya mibuyu na upepo mkavu, ambako watu hula ugali wa uwele au wa mtama kwa mlenda, na ambako nazi, ikifika, hufika imezeeka, maji yake yamekauka na bei yake imekuwa changa. Nilikuwa na afya, nilikuwa na mshahara, wenyeji wangu walikuwa watu wema. Sikupungukiwa na kitu ambacho mtu mwenye insafu angekiita haja. Walakini ulimi wangu ulikuwa ukilia mlangoni pa hema yake. Basi nilitoka msikitini na swali ambalo limenifuata miaka mingi: je, hamu ya chakula cha kwao ni kumkufuru Mungu kwa riziki aliyoiweka mbele ya mtu?

Yafaa kwanza hamu yenyewe itazamwe uso wake, kwa maana hukumu isiyotanguliwa na maelezo ni dhuluma. Sikuwa natamani wali tu, kwa kuwa wali Dodoma ulikuwepo. Nilitamani sauti ya mbuzi ikikwaruza nazi alfajiri, kabla ya jogoo wa pili. Nilitamani kifumbu kikikamuliwa kwa mikono miwili mpaka chicha ikabaki kavu kama pumba. Kasimile likiwekwa kando kwa heshima yake, tui la pili likipewa mchele kuuchemshia, kisha kasimile lile likimiminwa mwishoni, chungu kikafunikwa kwa kibia, makaa yakapaliwa juu, na nyumba nzima ikanyamaza kungojea. Nilitamani samaki wa kupaka na harufu ya moto wa makumbi. Macho husahau upesi. Sura ya mtu aliyekufa hufifia mpaka tukaitafuta tusiione. Lakini pua na ulimi ni watunzaji wa hazina wasiolala, na harufu moja ikipita dirishani humrudisha mtu mzima miaka 40 nyuma kabla hajakumbuka kuvaa viatu. Kitu kilichowekwa ndani ya mwili kwa namna hii, tena kabla mtu hajajua kusema, hakiwezi kuwa dhambi kwa asili yake, kwa kuwa mja hahesabiwi kwa kile alichoumbwa nacho, bali kwa anachokifanya nacho.

Tena yuko shahidi mkubwa upande wa utetezi. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipohama Makka na sahaba zake wakaenda Madina, waliukuta mji ule una homa, na miongoni mwa walioshikwa nayo walikuwa Abu Bakr na Bilal. Na Bilal, kila homa ilipompungukia, alipaza sauti akiyataja mabonde ya Makka na majani yaotayo huko. Huyu ni mtu aliyeteswa Makka, aliyelazwa juu ya mchanga wa moto na jiwe kifuani. Lau kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuuchukia mji ule ni yeye. Mtume alipopata habari hakumkemea, wala hakumwambia kwamba anayetamani Makka amekosa shukrani kwa Madina. Aliomba dua: kwamba Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, na awabarikie katika saa yake na mudi yake. Saa na mudi ni vipimo vya nafaka. Na kama vile kwetu pishi moja ni vibaba vinne, saa nayo ni mudi nne. Nimeitafakari sana dua hii. Hakuomba watu wake waisahau pishi ya kwao. Aliomba pishi ya ugenini ipate baraka. Hamu haikuondolewa moyoni kama mwiba, iliongezewa jirani.

Na kuna habari nyingine, ambayo ilinihukumu mimi kwa namna nisiyoitazamia. Mtume aliandaliwa nyumbani kwa mkewe Maimuna nyama ya dhabu, mnyama wa jangwani mfano wa guruguru, aliyeletwa kutoka Najdi. Alipoambiwa ni nyama gani aliurudisha mkono wake. Khalid bin Walid, aliyekuwapo pale, akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kwamba si haramu, ila mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, na kwa hiyo nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta nyama akaila, na Mtume anamtazama. Tazama mambo mawili yaliyokaa pamoja katika sinia moja. La kwanza ni kwamba ulimi una kwao, na kwao huko ni udhuru unaokubalika hata kwa aliye bora wa watu. La pili ni kwamba udhuru wa ulimi si sheria: aliyeacha hakumzuia aliyekula, wala hakukitia ila chakula cha wenyeji, na imepokewa kwamba hakupata kukitia ila chakula chochote, akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha.

Hapo ndipo niliposhindwa mimi. Katika wiki zangu za kwanza Dodoma niliwekewa mlenda na mama mwenye nyumba niliyopanga, nikachovya tonge mara moja, nikaona unavyovutika, nikacheka mbele yake nikasema kwamba kwetu kitu cha namna hii hakiitwi mboga. Mama yule hakukasirika. Alikivuta kile chungu karibu yake akaniambia, "Huu, mwanangu, ndio uliotuvusha miaka ya njaa." Majani yale huchumwa wakati wa mvua, yakaanikwa, yakapondwa, yakawekwa yakingoja kiangazi, na katika nchi ambayo mvua hutoa ahadi nyingi kuliko inazotimiza, unga ule wa kijani ulikuwa ni akiba, ni hekima ya wazee, ni ukuta kati ya watoto na mauti. Nilikuwa nimetukana rehema kwa sababu haikuwa na nazi. Kutamani cha kwetu hakukuwa kosa langu; kosa lilikuwa kukifanya cha kwetu kuwa kiti cha kadhi, nikakikalia na kuwahukumu wenzangu.

Tena fakhari ile ilikuwa na msingi mwembamba kuliko nilivyodhani. Msafiri Ibn Battuta alipopita pwani yetu mwaka 1331, aliwakuta watu wa Mombasa wakila zaidi ndizi na samaki, na nafaka wakiletewa kutoka pwani ya bara. Mtu wa Mombasa wa siku zile lau angefufuliwa leo akaandaliwa muhogo wa nazi, angeuliza huo mti mweupe ni nini, kwa kuwa muhogo ulikuwa bado ng'ambo ya bahari, Amerika, pamoja na mahindi, pilipili hoho na nyanya, ukingoja zama za Wareno uvushwe. Hata ndizi zake zilitoka Mashariki ya mbali, na mchele vilevile, na mnazi wenyewe tunaouapia kana kwamba uliota pamoja na babu zetu. Na pilau na biriani zimekuja na majina yao, wala hazikuona haja ya kuyabadili. Sinia la kwetu ni bandari: kila kilichomo kilishuka kutoka chomboni, kikakaribishwa, kikaoa, kikazaa, kikaitwa mwenyeji. Upande wa pili, wale waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964 wakafanya maskani Omani walichukua mandazi na mishkaki, na leo vyakula hivyo huliwa Maskati na watu ambao hawakupata kuiona Unguja kwa macho. Basi anayesema "chakula chetu" kwa kuwadharau wengine, anajivunia urithi wa wageni.

Lakini kama mbegu zote ni za kuja, yaliyo ya kwetu ni yapi? Swali hili ndilo linalotupeleka kwenye kiini cha jambo. Na ili tukifikie sharti tuwarudie Wana wa Israili, kwa maana nadhani kosa lao halikuwa vitunguu. Taurati inasimulia neno moja walilolisema, ambalo wasomaji wengi hulipita bila kusimama: kwamba wanawakumbuka samaki waliokuwa wakiwala Misri bure. Bure! Watu waliokandishwa udongo kwa mijeledi, waliouawa watoto wao wanaume, wamekaa jangwani wakiwa huru, nao wanakumbuka chakula cha bure. Ulimi ulikuwa umeweka kitunguu na kuuacha mjeledi. Hawakusema uongo, maana samaki walikuwapo na matango yalikuwapo. Lakini shahidi anayesema nusu ya kweli ni hatari kuliko mwongo, kwa kuwa mwongo hukamatwa. Hamu, basi, ni shahidi wa namna hiyo: asikatazwe kusema, lakini asiachwe aondoke kizimbani bila kuulizwa, "Na gharama aliilipa nani?"

Nilipomuuliza shahidi wangu swali hili, alianza kugugumia. Katika kumbukumbu yangu nyumba yetu ya Pangani ilikula wali wa nazi siku zote. Si kweli. Wali ulikuwa wa Ijumaa, na wa sikukuu, na wa siku ya mgeni. Siku nyingine tulikula muhogo kwa papa mkavu, na mara nyingi papa alikuwa ni harufu zaidi kuliko nyama. Hamu ilikuwa imeichukua Ijumaa ikaitandaza juu ya wiki nzima, kama shuka nzuri inayofunika godoro lililopasuka. Wahenga waliotuambia kwamba mla ni mla leo, mla jana kala nini, walimkusudia aliyeshiba jana na leo hana kitu. Hawakumtaja aliyekula muhogo jana, na leo, kwa uchawi wa umbali, anasimulia kwamba alikula wali.

Na nyuma ya Ijumaa ile alikuwapo mtu. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo wa pili kukalia mbuzi. Ndiye aliyepuliza moto wa makumbi mbichi macho yakimtoka machozi. Na sisi tuliokuwa tukingoja barazani tulisifu wali, hatukuyaona macho. Wanaume walipakuliwa kwanza, kisha watoto, kisha wakwe. Yeye alibaki na chungu. Alikuwa akikwangua ukoko kwa upawa, naye akisema kwamba ukoko ndio utamu wenyewe, nasi tukimwamini, hata tukamwonea wivu. Nilikuwa nimekwisha kuota mvi za kwanza ndipo nilipojiuliza kwa nini mtu mmoja katika nyumba ya watu kumi na wawili alipenda ukoko siku zote. Huo ndio uliokuwa mjeledi wangu wa Misri, uliosahauliwa na ulimi. Nami nilikuwa nikisema, kama wale wa jangwani, kwamba nilikula bure.

Nilipopata likizo nilikwenda kwetu, na usiku wa kwanza, tulipokwisha kula, nilikaa naye uani. Bibi yangu hakuwa mzaliwa wa Pangani. Aliletwa kutoka Lamu na jahazi la kaskazi, bado msichana, kuja kuolewa. Na mpaka uzeeni ulimi wake ulibaki huko, akisema "mato" kwa macho na "tini" kwa chini, na alipokuwa akituita "ndoo," mjukuu mmojawapo, aghalabu mimi, alimletea ndoo ya maji. Tulicheka kwa jambo hilo miaka mingi, naye alicheka pamoja nasi. Usiku ule nilimwambia kwamba huko Bara nimeutamani wali wake mpaka nikaona aibu ya Mungu, nikamsimulia kisa cha Nabii Musa na darasa la msikitini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kwa utani wa mabibi kwa wajukuu wao, "Na mimi, mume wangu, umepata kuniuliza natamani nini?"

Sikuwa nimemwuliza; hakuna aliyekuwa amemwuliza. Akaniambia alikuwa akiutamani mkate wa mofa: mkate wa unga wa mtama, unaobandikwa ubavuni mwa tanuri la udongo ukatoka na harufu ya moshi, ambao mama yake alimpa ukiwa bado unaunguza vidole. Wiki ya kwanza alipofika Pangani aliuliza habari za tanuri, na wanawake wa nyumba ile wakacheka, wakamwambia kwamba hapa si Lamu, hapa watu hula wali na muhogo. Hawakuwa watu wabaya. Alinyamaza, akajifunza kupika wali wa nazi kwa namna ya Pangani, akaupika vizuri kuliko wao, na mkate wa mofa hakuutaja tena. Basi chakula changu cha nyumbani, ambacho kwa ajili yake niliudharau mlenda wa watu, kilikuwa kimepikwa muda wote na mtu aliye ugenini, na kicheko kilichomnyamazisha yeye ndicho kile kile nilichokicheka mimi Dodoma mbele ya chungu cha mwenzake.

Sasa naweza kulijibu swali lililonitoa msikitini. Hamu ya chakula cha kwao si kufuru. Bali, ikifuatwa mpaka mwisho wake, ni njia ya shukrani iliyochelewa, maana mtu aliyeshiba utotoni hakuwa na akili ya kushukuru, na Mungu kwa hisani yake amemwekea ulimini hati ya deni isiyofutika, ili siku akili itakapokuja aikute ikimngoja. Kufuru ni kuisoma hati hiyo kana kwamba sisi ndio tunaodai. Wana wa Israili walisema, "Tupewe". Na kila mara hamu inaposema "nipewe" huwa imegeuka nyuma kuelekea Misri. Bali inapouliza, "Nani alinipa, na yeye alikuwa anakosa nini?" huwa inatembea mbele, na hapo ndipo kwetu panapopatikana: si katika mbegu, ambayo ni mgeni kama sisi, wala si katika udongo, bali katika mkono uliojinyima ukatupakulia. Mkono huo uko Pangani, uko Lamu, na ulikuwako Dodoma, umeshika chungu cha mlenda, nami sikuutambua kwa kuwa haukunuka nazi.

Asubuhi yake nilikwenda sokoni nikanunua unga wa mtama. Tanuri la mofa sikuwa nalo, wala sikujua kulijenga. Nikachukua chungu kikuu, nikakiweka juu ya mafiga, nikatia makaa chini na makaa juu ya kigae, na bibi amekaa juu ya kibao chake akiniongoza kwa kidole, huku majirani wakichungulia uani kumwona mwanamume mzima akifuta machozi ya moshi. Mkate ulitoka umeungua upande mmoja, na katikati ulikuwa haujaiva sawasawa. Nilimpa yeye kwanza. Alikata kipande, akakitafuna polepole kwa meno machache aliyokuwa nayo, macho ameyafumba, nami nikingoja kama mshitakiwa.

"Siwo," akasema.

Kisha akanyosha mkono, akaomba kipande kingine.